Kutoka Ankara hadi Eskişehir: mwongozo wa safari ya kikundi kwa mwanafunzi aliyeko Uturuki, na jinsi ya kupata wenyeji

Mwaka wa kwanza wa lugha una hila yake. Umekuja Uturuki kusoma, umeandikishwa TÖMER kujifunza Kituruki, na darasani umezungukwa na Msomali, Mkazaki, Mpalestina na Mkolombia. Mturuki ni mmoja tu, naye ni mwalimu. Jioni unarudi bwenini, mnapika wali na maharage na wenzako wa kwetu, mnacheka kwa Kiswahili mpaka usiku. Miezi sita inakatika, ukijiuliza ni Mturuki gani umezungumza naye zaidi ya dakika tano, unamkumbuka karani wa dirisha la uhamiaji.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni safari ya siku moja, ya kikundi kidogo, kwenda mji usio wenu. Nachukua mfano wa Eskişehir kutoka Ankara kwa sababu nimeirudia njia hiyo mara nyingi. Aliyeko Konya au Istanbul atabadilisha majina ya vituo tu.

Hatua ya 1: Punguza watu

Mtu akisema "twende matembezi" kwenye grupu la WhatsApp la Waafrika Mashariki, watu ishirini na tano hujibu "nipo". Usiwachukue wote. Watu kumi na tano wakiingia mkahawani hujaza meza zote, huongea wao kwa wao, na mwenyeji aliyetaka kuwasalimu hutazama ule umati akaendelea na chai yake. Sita wanatosha. Wanane ndio mwisho. Wengine wapangieni wiki nyingine.

Kati ya hao sita, awepo Mturuki angalau mmoja. Humpati kwa kubandika tangazo, unampata kwa swali moja: "Memleketin neresi?" Neno memleket ni ndugu wa mamlaka yetu, ila kwao maana yake ni kwenu, nyumbani kwenu kwa asili. Kila Mturuki ana memleket yake, hata kama amezaliwa na kukulia Ankara, na ukimwuliza atakueleza chakula cha kwao, hali ya hewa ya kwao na kwa nini kebabu ya mji wa jirani haifai. Ukigundua unayekaa naye chumba kimoja bwenini ni wa Eskişehir, safari imeshajipanga yenyewe. Usishangae mama yake akianza kupika siku mbili kabla.

Changanyeni na mataifa pia. Mkiwa Waswahili watupu, Kituruki kitabaki mfukoni siku nzima. Akiwepo Mgambia na Mwindonesia, lugha ya pamoja inakuwa Kituruki mkipenda msipende.

Hatua ya 2: Tiketi, siku na vitambulisho

Treni ya mwendokasi, YHT, imekuwa ikienda Eskişehir tangu 2009, ikiwa njia ya kwanza ya aina hiyo nchini. Ni takriban saa moja na nusu. Tiketi hununuliwa kwenye programu ya TCDD, shirika la reli, au dirishani kituoni, na za Jumamosi na Jumapili huisha mapema, kwa hiyo nunueni siku kadhaa kabla, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Msiseme ya kurudi mtainunua hukohuko, maana Jumapili jioni wanafunzi wa nusu ya nchi wanarudi vyuoni.

Kila tiketi ina jina na namba ya msafiri. Mwenye kibali cha ukaaji atumie ile namba inayoanzia na 99, na mgeni mpya atumie pasipoti. Mtu mmoja anunue zote ili mkae pamoja, lakini achangiwe kwanza. Usikubali "nitakulipa tukifika". Kadi ya ikamet, yaani ya kibali cha ukaaji, iwe mfukoni, isiachwe bwenini. Polisi wakiomba vitambulisho kituoni, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, picha kwenye simu inaweza kukuchelewesha.

Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, halafu Septemba na Oktoba. Januari baridi ya uwanda ule haina utani, na wenyeji mnaowatafuta wamejifungia ndani. Jumatatu iepukeni, majumba mengi ya makumbusho hufungwa.

Kama mnakaa mabweni ya serikali, yale ya KYK, anzeni hesabu kwa saa ya lango kufungwa, ndipo mrudi nyuma kuchagua treni ya jioni.

Hatua ya 3: Andikeni saa kwa tarakimu nne

Hii ni hatua fupi ila imenigharimu. Safari yangu ya kwanza niliandika kwenye grupu: "Tukutane kituoni saa 2 kamili." Wa Tanga, wa Mombasa na wa Bujumbura tukafika asubuhi na mapema. Mwenzetu wa Gambia alikuwa ametafsiriwa ujumbe neno kwa neno, saat iki, naye kwa Kituruki hiyo ni saa nane mchana ya kwetu. Tulipompigia simu alikuwa bado kitandani, tena akatushangaa sisi. Treni ikaondoka na kiti chake kitupu. Tangu hapo naandika 08:00, basi.

Mfike dakika thelathini kabla. Mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, na foleni ya wikendi inavuta.

Hatua ya 4: Maneno ya kubeba

Hapa Mswahili ana bahati ambayo wengi hawaitumii. Adabu ya salamu ya Kituruki imejengwa kama ya kwetu, na maneno mengi yametoka chemchemi moja, Kiarabu na Kiajemi. Saa ni saat, kitabu ni kitap, dunia ni dünya, wakati ni vakit, hesabu ni hesap. "Ne haber?" ni "habari gani?" neno kwa neno, ingawa hiyo ni ya vijana kwa vijana, usimtupie mzee.

Merhaba ndiyo itakayokuchekesha. Mzee wa miaka sabini anakutazama, anasema "Merhaba", nawe moyoni unajiuliza mbona ameitikia kabla sijamwamkia. Kwao hiyo ndiyo salamu yenyewe. Itikia merhaba, na shikamoo yako ibaki ndani ya namna unavyoinamisha kichwa.

Lakini neno ninalokuomba ulibebe hata ukisahau mengine yote ni "Kolay gelsin". Maana yake ni kazi na ikujie nyepesi. Huambiwa mtu yeyote anayefanya kazi, awe fundi viatu, mfagiaji barabara, muuza simit (mkate wa duara wenye ufuta) au dereva wa tramu. Wenzetu wengi wa Ulaya hulisahau kwa sababu lugha zao nyingi hazina kitu kama hicho. Wewe unalo tangu utotoni: pole na kazi. Ukipita mbele ya karakana ukasema "Kolay gelsin, usta", fundi atainua kichwa, na mara nyingi kinachofuata ni kigoda.

Waite watu kwa jina la undugu. Kijana aliyekuzidi kidogo ni abi, dada ni abla, mwanaume wa rika la baba yako ni amca, ambaye ndiye ami wetu, na mama wa makamo ni teyze, yaani mama mdogo. Hakuna atakayeona umemzoea upesi. Ukisema "bayan" kumwita mama mwenye duka, hapo ndipo utasikika kama tangazo la kituo cha basi.

Na jambo moja la sikio. Mturuki akitaka kusema hapana, huweza asitamke neno. Anainua nyusi, kidevu kinapanda kidogo, na ulimi unagonga meno: "cık." Kwetu mlio huo ni jirani sana na msonyo. Binti mmoja wa Zanzibar tuliyekuwa naye alimwuliza muuza maji kama ana chenji, akajibiwa kwa mlio huo, akatoka dukani amevimba. Tulimweleza mara tatu kwamba hakusonywa, hana chenji tu. Nadhani mpaka leo hajaamini.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Mkishuka, tembeeni kwa miguu hadi mto Porsuk unaokata katikati ya mji. Eskişehir ni mji wa wanafunzi, una vyuo vikuu vitatu vya umma, kwa hiyo kingoni mwa mto mtakuta vijana wamekaa na mifuko ya mbegu za alizeti wakitafuna na kutema maganda. Nunueni na nyinyi mfuko mmoja, mkae. Msiende moja kwa moja kwenye vivutio. Nusu saa ya kutofanya lolote ndiyo inayowafanya watu wawazoee macho.

Kisha Odunpazarı, mtaa wa kale wenye nyumba za mbao zilizopakwa rangi na ghorofa za juu zikichungulia njia. Mkichoka pandeni tramu. Pale juu kuna msikiti wa Kurşunlu na majengo yake ya karne ya 16, na hatua chache tu kuna OMM, jumba la sanaa ya kisasa lililofunguliwa 2019, kazi ya msanifu Mjapani Kengo Kuma, mbao zimepangwa kama magunzi ya mahindi (huo ni mfano wangu mimi). Msikitini kila mtu anaruhusiwa nje ya nyakati za swala. Viatu mlangoni, kina dada ushungi. Penye kiingilio chochote, toeni kitambulisho cha chuo kabla ya pesa na mseme "öğrenci", mwanafunzi.

Sasa, usipange zaidi ya hapo. Ratiba iliyojaa ni adui. Mkishapanga saa sita hapa, saa sita na nusu pale, mwenyeji akiwaambia "kaeni, chai inakuja" mtamwambia hamna nafasi, na hicho ndicho mlichosafiria. Sisi huacha mchana mzima wazi.

Nieleze jinsi ilivyotutokea. Eskişehir ni mji wa lületaşı, jiwe jeupe jepesi linalochimbwa maeneo yale, laini likiwa bichi, likikauka gumu. Mafundi huchonga viko, tasbihi na vito. Ndani ya soko la ufundi la Atlıhan tulisimama mbele ya mzee mmoja anachonga kichwa cha mtu mwenye kilemba kikubwa. Nikasema kolay gelsin. Akaelekeza kidevu kwenye benchi. Nikamwuliza yule mwenye kilemba ni nani, akanijibu kwa mshangao, kana kwamba nimeuliza jua ni nini: Nasreddin Hoca! Kumbe Hoca, mwerevu wa hadithi zao za kuchekesha, kwa masimulizi yao alizaliwa kijiji cha Hortu, wilaya ya Sivrihisar, ndani ya mkoa huohuo.

Kituruki changu kilikuwa cha miezi minane. Nikamwambia na sisi tunaye wetu, jina lake Abunuwasi, nikaanza kumsimulia: aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema… Hapo neno la kuzaa likanipotea. Natafuta, nashika tumbo, wenzangu wananicheka. Mzee akaweka kisu chini. "Doğurdu!" akapaza sauti. "Kazan doğurdu!" Sufuria imezaa. Akaimalizia hadithi yeye, akawaita na majirani wawili waje wasikie kwamba Afrika nako sufuria huzaa, na mara ya pili hufa. Tulikunywa chai glasi nne kila mmoja. OMM hatukuiona siku ile.

Kwa hiyo chukueni hadithi moja, mchezo mmoja au wimbo mmoja wa nyumbani mnaoweza kuueleza kwa Kituruki cha kuungaunga. Kituruki kibovu kinafaa kuliko kizuri, kwa sababu kinampa mwenyeji kazi ya kukusaidia.

Chakula cha mchana ni çi börek, urithi wa Watatari wa Crimea waliohamia huko: unga umekunjwa nusu mwezi juu ya nyama ya kusaga, ukakaangwa kwenye mafuta mengi. Ione kama sambusa kubwa iliyolala chali. Huliwa kwa mkono, uma utamwaga supu yote iliyo ndani. Ya kushushia ni ayran, ambayo ni mtindi uliozimuliwa kwa maji na chumvi. Wasiozoea mtindi wa chumvi waonjeshwe kwanza kwa glasi ya mwenzao.

Hatua ya 6: Ukikaribishwa nyumbani

Neno lao la mgeni ni misafir. Msafiri wa kwetu yuko njiani, wa kwao amekwisha fika na amekaa sebuleni. Na mgeni asiyetarajiwa wanamwita Tanrı misafiri, mgeni wa Mungu. Wanalichukulia neno hilo kwa uzito.

Msiende mikono mitupu. Kilo moja ya baklava au boksi la peremende kutoka duka la vitamtamu inatosha. Mkiwa na khanga ya kutoka nyumbani au majani ya chai ya Kericho au Mufindi, mwenye nyumba ataionesha kwa wageni wengine mwezi mzima. Viatu vuliwe mlangoni, mtapewa ndara za ndani. Mkiambiwa "hoş geldiniz", yaani karibuni, jibuni "hoş bulduk".

Huenda mkamiminiwa kolonya viganjani, marashi ya limau yenye spiriti. Kinga mikono, sugua, jipake shingoni. Mtu wa pwani aliyezoea kurashiwa marashi ya mawaridi kwenye maulidi hatashtuka. Msiinywe, na usicheke, nimeshaona mtu akikinga kikombe.

Chai haina mwisho mpaka useme. Kukataa kwa mdomo mara ya kwanza hakuhesabiki, kunachukuliwa kuwa haya tu, kama kwetu. Laza kijiko kidogo juu ya mdomo wa glasi, wataelewa umetosheka. Aliyepika mwambie "Elinize sağlık", mkono wako uwe na afya. Semeni mkiwa bado mnakula, halafu tena mkimaliza.

Maswali yatakuja: mko ndugu wangapi, baba anafanya kazi gani, umeoa, mbona hujaoa, unaipenda Uturuki? Hayo ni maongezi. Jibu kisha rudisha swali lilelile. Usilotaka kulijibu, cheka na useme "kısmet". Kismati ni kismati.

Mkahawani mambo ya malipo ni vita ndogo. Kugawana bili wanakuita "namna ya Kijerumani", Alman usulü, na jina hilo tu linakueleza wanavyokuona. Aliyealika hulipa. Mkitaka kulipa nyinyi, mmoja wenu ainuke kama anayekwenda msalani, amalizane na keshia huko.

Hatua ya 7: Yasiyopendeza

Mtatazamwa. Mtaombwa picha na watu msiowajua, na dada mwenye rasta au msuko atakuta mkono kwenye nywele zake kabla hajaombwa. Wengi hawana nia mbaya, ila hilo halikulazimishi kuvumilia. "Lütfen dokunmayın", tafadhali msiguse, lisemwe kwa tabasamu mara moja na bila tabasamu mara ya pili. Picha ya pamoja ikubali kama moyo unataka, kataa kama hautaki, na kama hatakuwa tayari kukuambia jina lake, mimi huona hana haja na picha yangu.

Kuna pia mgahawa ambapo tuliambiwa meza zote zimewekwa oda, tukawaona walioingia nyuma yetu wakikalishwa. Hatukugombana. Tulikwenda mtaa wa pili. Kikundi kikubaliane mapema kwamba yeyote akijisikia vibaya mahali, wote mnatoka, bila mjadala wa kama kweli au si kweli.

Kina dada wasikubali mwaliko wa nyumbani wakiwa peke yao kwa mtu waliyekutana naye siku hiyohiyo, na kina kaka nao waangalie anayewavuta kwenda "baa ya rafiki yangu", hasa Istanbul, ambako bili huja na tarakimu za ajabu. Vilabu vya kahawa vya mitaani, kıraathane, vingi ni vya wanaume watu wazima wanaocheza okey na tavla, michezo ya mezani. Mkiwa na kina dada, chagueni bustani ya chai, çay bahçesi, ambako familia nzima hukaa. Namba ya dharura ni 112 kwa polisi, gari la wagonjwa na zimamoto.

Hatua ya 8: Wiki inayofuata

Hapa ndipo wengi hupoteza. Mmepewa namba, mmepiga picha, mkarudi Ankara, kimya. Tumeni salamu usiku uleule mkiwa kwenye treni. Halafu sikukuu ikifika, "Bayramınız mübarek olsun" iende kwa kila mliyemhifadhi kwenye simu. Siku za Bayram, yaani Idi, bweni huwa tupu, Waturuki wote wamekwenda kwao, wanabaki wageni wanaotazamana kwenye ukumbi wa chakula, na ujumbe wa asubuhi ya Idi mara nyingi hujibiwa kwa swali moja: uko na nani, umekula?

Kwa wazee wasio na WhatsApp, chapisheni picha kwenye studio yoyote, bei yake ni ndogo, mtume kwa posta ya PTT. Sisi anwani ya fundi wa lületaşı hatukuichukua. Tuliandika jina lake, Atlıhan, Odunpazarı, Eskişehir, na nyuma ya picha tukaongeza kwa kalamu: kazan doğurdu. Ilifika.